Mwendo wa Chuchumia

Mjukuu wangu Nasibu alipokuja kuniomba ruhusa ya kuigeuza hadithi ya Chuchumia kuwa filamu, nilimpa ruhusa hiyo kwa sharti moja tu, nalo lilikuwa kwamba asiwepo mhusika yeyote atakayefungua kinywa kusema Kiswahili kibovu. Alicheka, akasema kwamba sharti hilo alilitarajia tangu alipokuwa ndani ya basi. Kisha akanishika mkono na kuniita mke wangu, kama ilivyo desturi ya mjukuu na bibi yake huku kwetu, akaniahidi kwamba angenitunza vizuri kuliko alivyonitunza marehemu babu yake. Nilimjibu kwamba mume anayevaa suruali iliyochanika magotini asijisumbue kutoa ahadi za namna hiyo.

Hadithi yenyewe ni ya zamani. Maneno niliyaandika mimi, na picha alizichora marehemu kaka yangu Mfaume. Miaka hiyo nilikuwa nikifundisha darasa la tano hapa Kibiti, naye alikuwa akichora mabango ya afya ya zahanati. Hadithi ilichapishwa kipande kwa kipande katika jarida la watoto ambalo halipo tena, na nakala zake zilipita mikononi mwa wanafunzi wengi, kuanzia Ikwiriri hadi vijiji vya deltani, mpaka karatasi zikalainika kama kitambaa.

Shujaa wake ni msichana mlinzi wa mpunga. Anakaa juu ya dungu, yaani kile kibanda cha nguzo ndefu ambacho wakulima wa bondeni hukijenga ili kuwafukuza ndege na nguruwe, na ambamo hulala mto unapofurika. Mguu wake wa kushoto ni mfupi na kisigino chake hakifiki chini, kwa hiyo hukanyaga kwa vidole. Ndiyo sababu anaitwa Chuchumia. Kwa kuwa hukanyaga kwa vidole, hatua zake hazisikiki majini, naye hufika mahali ambapo mtu mwenye nyayo nzito angegunduliwa tangu mbali. Adui yake ni Kizibo, mwanamume mtanashati mwenye kanzu isiyo na doa na sauti ya upole, ambaye huiziba mikondo ya maji ili mashamba ya wasiomtii yakauke. Mfaume alimchora Kizibo akiwa mzuri wa sura kuliko watu wote wa hadithi ile. Mhariri wa jarida alilalamika kwamba watoto hawangetambua yupi ni mbaya. Mfaume alimjibu kwamba wangetambua wakishamwona anayoyatenda, na kwamba watakapokuwa wakubwa wangeuhitaji sana utambuzi wa namna hiyo.

Chuchumia hakuzuliwa kutoka hewani. Kulikuwa na mtoto wa Mahege aitwaye Johari, ambaye polio ilimfupisha mguu akiwa bado mchanga. Wenzake walimwita Kiguu, na hawakusema kwamba Johari anapita. Walisema, kile kinapita. Mfaume alimwona msimu mmoja wa mavuno akiipanda ngazi ya dungu la mama yake upesi kuliko ndugu zake wote. Akaomba ruhusa kwa mama mtu, akaketi chini ya dungu hilo, akamchora. Jarida la kwanza lilipofika, jina la Kiguu lilianza kufifia. Lilipofika la tatu, watoto walikuwa wakigombea kutembea naye.

Leo Johari ni mtu mzima mwenye wajukuu. Ana duka la ushonaji karibu na stendi ya Kibiti, na juu ya mlango wake pana kibao chenye picha ya msichana aliyesimama juu ya dungu, na chini yake neno moja: CHUCHUMIA. Kina mama wanaopeleka vitenge vyao humwita hivyo, na wanafunzi wanaofuata sare humwita hivyo. Sijapata kumsikia mtu akilitamka jina hilo kwa dharau.

Basi Nasibu alimpigia simu akamwomba afike Mahege, mahali walipokuwa wakipiga picha, ili amfundishe mwigizaji kutembea. Johari alikuja kwangu siku ileile, futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, akaniomba nifuatane naye. Alikuwa amekwisha kuwaambia wateja kwamba kesho yake hangefungua duka, na alikuwa amejishonea gauni la kitenge kipya. Nilimwona amefurahi, lakini hakusema mengi mpaka tulipokuwa ndani ya bajaji, tumekwisha kuiacha barabara ya lami.

"Mwalimu," alisema, "nilidhani mwendo huu nitazikwa nao. Kumbe utabaki."

Tuliwakuta bondeni. Walikuwa wamejenga dungu jipya kando ya shamba lililokwisha vunwa, na jenereta lilikuwa likinguruma nyuma ya matete. Wakulima wa Mahege waliochukuliwa kuigiza walikuwa wameketi juu ya mikeka, wamevaa nguo zao za kila siku, kwa maana waliambiwa kwamba hizo ndizo zilizofaa. Wengi wao walimjua Johari tangu utotoni. Bi Mwanasiti, ambaye shamba lake lilipakana na la mama yake Johari, alisogea ili ampe nafasi kwenye mkeka wake, akamuuliza kama siku hizi nyota wa filamu hushukia kwenye bajaji.

Mwigizaji wa Chuchumia alikuwa binti aitwaye Yasmini. Alikuja kutuamkia kwa adabu, akapiga goti kidogo, akasubiri mpaka tulipoitikia. Johari alimtazama miguu kwa lile jicho ambalo mshonaji humtazamia mteja mabega. Alimwambia asiogope, kwamba mwendo wa vidole si mgumu maadamu nyonga imekubali. Yasmini aliyatazama yale magoti yake mazima, kisha akamtazama Nasibu, na Nasibu akajikohoza. Alisema kwamba kulikuwa na jambo ambalo pengine hakulieleza vizuri kwenye simu. Akamwita kijana mrefu, mzuri wa sura, aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ya kufumwa. Kijana huyo aliitwa Seleman, naye ndiye aliyekuwa Kizibo.

"Mwanafunzi wako ndiye huyu, Mama," Nasibu alisema.

Nilimtaka aeleze kwa nini mguu mfupi umehamia kwa Kizibo, naye akaeleza, wala sitasema kwamba alieleza kipumbavu. Alisema kwamba katika picha za kuchora msomaji husimama, hutazama kwa muda apendao, na akili yake humalizia mwendo wenyewe. Kwenye filamu mambo hayasimami, na shujaa asiyekimbia humchosha mtazamaji. Alisema tena kwamba watu siku hizi hutazamia simuni, kidole kikiwa tayari kuiondoa picha, kwa hiyo ni lazima waelewe mara moja yupi ni mwema na yupi ni mbaya. Kanzu safi na sura nzuri haziwaambii. Mguu unawaambia. Jambo la tatu ni kwamba mbaya wa zama hizi hawezi kuwa mbaya bure, ni lazima awe na sababu. Kizibo, akiwa mtoto, alivunjika mguu alipoangukiwa na dungu la babu yake Chuchumia, na hakuna jirani aliyemsaidia. Kwa hiyo akauchukia mto na watu wake.

Nilimkumbusha kwamba Mfaume alimnyima Kizibo sababu kwa makusudi, kwa kuwa aliwajua watu waliomdhulumu mwenzao bila sababu yoyote. Nasibu alikiri kwamba hilo lilipendeza karatasini.

Johari alikuwa muda wote huo akiukunjua na kuukunja tena upindo wa mkono wa gauni lake jipya.

"Filamu hiyo ikitoka," alisema hatimaye, "watoto wa Kibiti wataniita nani?"

"Chuchumia, Mama. Jina halibadiliki."

"Chuchumia wako anakimbia kama swala. Mimi nikipita njiani hivi nilivyo, watamwona nani?"

Nasibu aliinamisha kichwa. Alijaribu kusema kwamba filamu ni filamu, na kwamba watazamaji si wajinga, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Alisema pia kwamba kazi ilikuwa imekwisha kufika mbali, kwamba Yasmini alikuwa amekwisha kukimbia na kuruka katika sehemu nyingi, na kwamba haikuwezekana kuanza upya. Akaahidi kwamba jina la Johari lingeandikwa mwishoni katika maneno ya shukrani.

Nilisimama nikamtafuta kwa macho yule dereva wa bajaji, kwa kuwa niliamini kwamba Johari angetaka turudi. Sivyo alivyofanya. Alivua kandambili zake, akazipanga pembeni mwa mkeka, akamwambia Seleman avue viatu.

"Ukiuchukua, uchukue ulivyo," alimwambia. "Sitaki uharibiwe."

Wakaanza. Mwanzoni Seleman aliuburuta mguu huku amekunja uso, kama wafanyavyo waigizaji wanaotaka kuonyesha uchungu. Johari alimsimamisha. Alimwambia kwamba yeye haburuti mguu na hajapata kuuburuta. Kwamba vidole hutangulia vikiulizia ardhi, vikijibiwa ndipo mwili hufuata. Kwamba bega halianguki bali huinuka kidogo, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Alimtembeza juu ya nchi kavu, kisha ndani ya tope, kisha juu ya ukingo mwembamba wa jaruba la mpunga. Seleman alikuwa mwanafunzi msikivu. Aliacha kukunja uso, akaanza kutazama mbele, na kabla ya adhuhuri nilimwona Mfaume wangu mbele ya macho, ameketi chini ya ngazi na penseli yake, maana mwendo ule ulikuwa uleule alioukamata siku ile. Ilinibidi nigeuke nitazame mto.

Baada ya sala na chakula walijiandaa kupiga picha. Kanzu ya Seleman ilikuwa imekatwa upande wa kushoto ili mguu uonekane, na upindo wake ulikuwa umeshonwa ovyo. Johari aliutazama upindo huo akasikitika. Yasmini alipanda juu ya dungu. Wanakijiji walikaa chini, wakajifanya wanapepeta mpunga. Nasibu aliwaeleza kwamba Kizibo angetokea kwenye matete, na wao wakimwona wangetupa nyungo zao na kukimbia. Kisha akampa Yasmini ishara aseme maneno yake.

Yasmini alikinga macho kwa kiganja, akatazama mbali, akasema, "Kile kiwete kinakuja."

Nilisema, "Anakuja."

Kila kitu kilisimama. Nasibu alinijia huku akitabasamu kama atabasamuvyo mtu anapomwendea mbuzi aliyeingia shambani kwake. Alinikumbusha kwa sauti ya chini kwamba vifaa vile hunasa hata kikohozi.

"Nilikupa sharti moja, mume wangu," nilimwambia. "Kipofu, kiziwi, kiwete, kijana na kiongozi, wote hao huanza kwa *ki*, na wote hao ni watu. Hupatanishwa kama watu. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba kiongozi kimefika."

"Wapo wanaosema, Bibi, ila husema polepole."

Watu walicheka, nami nikawaacha wacheke. Kisha nikamweleza lile ambalo halikuwa la kuchekesha. Hata Kizibo, ambaye jina lake ni la kitu cha kuzibia chupa, mimi nilimpa upatanisho wa mtu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Chuchumia hakumwondolea utu hata alipokuwa akimshinda. Ikiwa sasa shujaa ndiye anayesema *kile kinakuja*, basi amekwisha kusimama upande wa watoto waliokuwa wakimwita Johari Kiguu, na hapo sijui tunamshangilia kwa lipi. Nasibu alinisikiliza. Alisema kwamba ndivyo watu wanavyosema mitaani, nikasema kwamba nafahamu ndivyo wanavyosema, ndiyo maana serikali ilinilipa mshahara. Akanikubalia hilo. Alimwelekeza Yasmini aseme *yule kiwete anakuja*, na nadhani alifurahi kuona kwamba nimeridhishwa na silabi mbili tatu.

Wakaanza tena. Yasmini alisema vizuri. Matete yalitikisika, Seleman akatokea. Alikuja juu ya ukingo wa jaruba, vidole vikitangulia, bega likiinuka, amenyooka, kanzu yake ikipepea. Wanakijiji walinyanyua macho. Hakuna aliyekimbia. Mzee mmoja alianza kupiga makofi, watoto waliosimama nyuma ya jenereta wakaitikia kwa kuimba jina, "Chuchumia, Chuchumia," na Bi Mwanasiti akapiga kigelegele kimoja kirefu, kama kile kipigwacho bwana harusi anapovuka kizingiti.

Nasibu alisimamisha kazi. Aliwaeleza tena, kwa subira, kwamba huyu alikuwa Kizibo, mtu mbaya, mwenye kuwakaushia mashamba. Waliitikia kwamba wameelewa. Seleman alirudi kwenye matete, akatokea tena, na safari hii watoto walikuwa wamenyamazishwa. Wanakijiji wakainuka ili wakimbie. Walikimbia kama watu wanaomkimbilia mgeni, huku wakigeuka nyuma na kucheka, na kijana mmoja hakukimbia kabisa. Mara ya tatu walikimbia vizuri, wote isipokuwa Bi Mwanasiti, ambaye aliusogeza mkeka wake, akaupangusa kwa mkono, akamkaribisha Kizibo aketi.

Sasa Nasibu alimwendea. Hakuwa na hasira, nami nilimsifu moyoni kwa hilo. Alichuchumaa mbele yake akamuuliza tatizo lilikuwa nini.

"Tatizo ni miguu yangu, mwanangu," alijibu Bi Mwanasiti. "Mwendo huo nimeuona miaka yote. Kila ulipokuja shambani kwangu ulikuja kunisaidia kuamia ndege wasile mpunga. Leo unaniambia niukimbie. Mimi nimekubali, ila miguu imekataa."

Seleman, aliyekuwa amesimama kando, alisema kwamba hata yeye alipata shida. Ile hasira aliyoijenga kwa majuma yote hayo ilikuwa ikimtoka kila alipokanyaga kwa vidole. Alipotembea kama alivyofundishwa alijiona kama mtu anayemwendea mgonjwa na uji.

Nasibu aliketi mbele ya kioo kidogo, akaitazama upya picha iliyonaswa. Nilivuta kigoda nikaketi karibu yake. Kijana alikuwa akija juu ya ukingo, tena na tena, na nyuma yake mpunga uliokatwa ulikuwa na rangi ya dhahabu. Ilikuwa picha nzuri.

"Bibi, haogopeshi," alisema.

Alifikiri kidogo, akasema tena, kama anayejitetea mbele ya mtu mwingine, "Lakini watu wa Dar es Salaam hawamjui Johari."

"Hawamjui," nilikubali. "Basi wewe ndiye utakayewafundisha wamwogope."

Jenereta lilizimwa ili lipoe, na tukaanza kuwasikia ndege waliokuwa wakiokota mpunga uliomwagika. Mjukuu wangu ni mkaidi, ukaidi alioutoa kwangu, kwa hiyo sikumharakisha. Hatimaye aliinuka akamwendea Johari, ambaye alikuwa ameketi kwenye kidato cha chini cha ngazi ya dungu. Sikusikia alichomwambia kwanza. Nilimsikia Johari akimuuliza itakuwaje kwa zile sehemu za kukimbia. Nasibu alisema kwamba zile zinazoonyesha uso na mikono angezibakiza, zile zinazoonyesha miguu angezipiga upya, na ile ambapo Yasmini aliruka kutoka juu ya dungu angeitupa. Aliitaja hiyo ya mwisho kwa huzuni, na nilielewa kwamba aliipenda mno. Johari naye alielewa, kwa kuwa alimwambia kwamba Chuchumia halisi hakuwa akiruka. Alikuwa akishuka kwa kamba iliyofungwa kwenye nguzo ya nyuma, kwa nguvu za mikono tu, na kwamba kama wangetaka angemwonyesha binti.

Kuhusu Kizibo tulibishana kidogo, mjukuu na mimi. Alikubali kwamba anyooke na awe mzuri kama alivyochorwa, lakini aliomba abaki na sababu yake. Alisema kwamba hawezi kumtazama mtu kwa saa nzima bila kujua alikotoka. Nilifikiri Mfaume angesemaje, nikaona kwamba Mfaume amekwisha kusema yake, na kwamba hadithi ikihamia mkono mwingine haina budi kuota kitu kipya. Nikamwachia sababu. Tulikubaliana kwamba Kizibo alipokuwa mtoto shamba la wazazi wake lilikauka, ilhali la jirani lilikuwa na maji, na hakuna aliyewafungulia mkondo. Nikiri kwamba haikuwa sababu mbaya.

Lililobaki lilikuwa ni yale maneno. Nasibu aliniomba radhi mapema, kisha akasema kwamba anataka kulirudisha lile kosa, *kile kiwete kinakuja*, lakini sasa liwe kinywani mwa Kizibo. Nilimwambia kwamba Kizibo wetu hakukosea sarufi hata mara moja. Upole wa ulimi wake ndio uliokuwa mtego. Alisema kwamba anajua, na hiyo ndiyo sababu. Mtu anayesema vizuri filamu nzima, akikosea mara moja, kila mtu atasikia.

Nikamkubalia. Ni Johari aliyeongeza.

"Basi na Chuchumia amsahihishe," alisema. "Awe amekwisha kufika nyuma yake."

Kabla hawajaanza, aliomba ile kanzu. Seleman alisimama mbele yake, naye, akiwa bado ameketi kwenye kidato cha ngazi, aliufumua ule upindo wa ovyo, akashusha kitambaa kilichokuwa kimekunjwa kwa ndani, akakipima kwa futi yake upande wa kulia na wa kushoto, akakishona kwa mkono mpaka kanzu ikalingana. Wakati huohuo alimpa Yasmini mafunzo kwa mdomo tu, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. Yasmini alikwenda na kurudi mbele yetu. Hakuupata mwendo kama Seleman alivyoupata. Alikuwa na haraka, na vidole vyake havikungojea jibu la ardhi. Johari alisema kwamba ataupata, kwa sababu yeye mwenyewe hakuupata kwa siku moja.

Jua lilipokuwa limepungua makali walipiga picha ile. Seleman alisimama amenyooka kwenye ukingo wa jaruba, kanzu imemkaa, akiyapa mgongo matete, akawaambia watu wake kwa sauti ya upole sana, "Kile kiwete kinakuja."

Nyuma yake, bila hatua kusikika, Yasmini alikuwa amekwisha simama kwa vidole.

"Anakuja," alisema. "Na amekwisha fika."

Seleman aligeuka, na wanakijiji, ambao waliambiwa wanyamaze kabisa, wakapiga makofi. Ilibidi irudiwe. Nasibu hakukasirika. Aliketi mbele ya kioo chake akicheka peke yake, na hapo ndipo nilipoona kwamba ana meno ya Mfaume.

Alitusindikiza mpaka kwenye bajaji. Aliniuliza kama sarufi imeniridhisha, nikamwambia kwamba suruali yake bado haijaniridhisha. Kisha akamweleza Johari kwamba maneno ya shukrani yatakuwa makubwa na yatakaa muda mrefu kwenye kioo. Johari alitikisa kichwa.

"Mwenye kushukuriwa ni aliyetoa kitu," alisema. "Mimi mwendo wangu sijautoa. Nimeuonyesha tu, na ninaondoka nao."

Nasibu alimuuliza basi aandike nini. Johari alifikiri, akamwambia aandike kama ilivyoandikwa katika majarida yale ya zamani, maneno ni ya fulani, michoro ni ya fulani. Na chini yake, mwendo ni wa Johari. Nasibu alitoa simu akaandika hapohapo, nami nikaichukua ili nihakikishe, na hapakuwa na kosa.

Njiani Johari aliuinua mguu wake wa kushoto akaulaza juu ya kiti, kwa kuwa ulikuwa umechoka, akaanza kulalamika juu ya kazi za watu alizoziacha. Tuliingia Kibiti taa za maduka zikiwa zimekwisha washwa. Aliposhuka pale stendi, msichana wa shule aliyekuwa akisubiri mlangoni mwa duka alimwona tangu mbali, kwa mwendo, kabla hajamwona uso.

"Shikamoo, Chuchumia," aliita. "Gauni langu limekwisha?"

"Marahaba. Limekwisha, bado vifungo."

Nilimwambia dereva aendelee. Mtoto yule alikuwa ameamkia kwanza ndipo akauliza, na upatanisho wake ulikuwa sahihi.